Lundo Lililoitwa Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu ndiye chanzo cha daftari hili. Jana wakati wa kulala nilikuwa namsimulia mambo ya kazini, akajigeuza ukutani akasema, "Mke wangu, hayo yote yaandike mahali, mimi nilale." Nikamjibu kwamba nimekaa miaka mingi bila mtu wa kumpigia domo, sasa avumilie. Alikuwa ameshaanza kukoroma. Leo nimenunua daftari, kumkomoa tu.

Mvua imeanza. Imelipiga bati la maabara hadi mashine ya kusagia sampuli nikawa siisikii.

Kwa wajukuu watakaokuja kusoma: bibi yenu ni mpimaji wa makaa ya mawe, na babu yenu anayachimba. Mimi niko juu na yeye yuko chini, na mwisho wa siku tunapanda gari moja la kampuni kurudi nyumbani. Msione ni jambo dogo. Tangu tuoane alikuwa kwenye migodi ya mbali, anakuja likizo, anaondoka, hadi binti yetu akawa anamwita Baba Likizo. Mgodi huu ulipofunguliwa karibu na kwetu ndipo aliporudi na mizigo yake yote.

Ila leo meneja ametukusanya bandani akatupa habari. Watu wa kiwanda cha chuma watakuja mvua zikiisha, wachukue makaa yetu wakayapike kwenye matanuri yao. Wakiyapenda, watayanunua miaka na miaka. Wasipoyapenda, mgodi unafungwa, kwa sababu kuchimba chini ya ardhi ni gharama na bei ya makaa ya kuchoma tu hailipi. "Watakuja lini hasa?" mtu akauliza. "Keshokutwa," akasema, maana yake siku za mbele. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, na ndiyo sababu sisi tunamwita Keshokutwa.

Mgodi ukifungwa, mume wangu atarudi mbali, na mimi sitaki.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yetu kaniuliza wakati naosha vyombo: "Mama, makaa si yanawaka tu? Unayapima nini?"

Nikamwambia ya kuwaka yako tele. Haya yetu yanapikwa. Yanasagwa, yanafungiwa ndani ya tanuri lisiloingia hewa hata chembe, na moto unayazunguka kwa nje ya kuta. Kwa kuwa hakuna hewa, hayawaki. Yanalainika, yanavimba, yanashikana, kisha yanakuwa kitu kigumu chenye matundu, kinaitwa koki. Koki inatiwa kwenye tanuri refu la kiwanda cha chuma pamoja na mawe ya chuma. Inawaka huku imebeba mzigo wote ule mgongoni. Makaa yasiyovimba hayashikani, yanabaki vumbi, na vumbi halibebi kitu.

"Sasa wewe unajuaje yatavimba?"

Nachukua unga wa makaa kidogo tu, nautia kwenye kikombe cha udongo kisichozidi kifuniko cha chupa, nakifunika na kukichoma kwa moto mkali wa gesi. Nikifunua nakuta kidude kimeumuka. Ukutani nina picha za vidude hivyo, kuanzia moja hadi tisa. Moja hakijaumuka hata kidogo, tisa kinataka kutoka kikombeni.

"Kumbe unaoka mkate," akasema, akaenda zake kucheza.

Tangu leo maabara nzima tunaviita mikate.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Soksi za mume wangu hazikauki.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Nimegombana na mama mkwe, kwa adabu.

Ana glasi sita zenye ukingo wa dhahabu, mwanawe alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Ziko kabatini, na ufunguo hutembea naye. Miaka ile mume wangu alipokuwa mbali, zilitolewa siku anapokuja likizo tu. Anapokelewa kwa glasi, ananyweshwa kwa glasi, akiondoka zinaoshwa na kufungiwa. Siku aliporudi moja kwa moja, mama alizipeleka kabatini hata mizigo haijafunguliwa, akammiminia mwanawe maji kwenye kikombe cha plastiki kilichokatika mkono. Tangu siku hiyo ndicho kikombe chake. Mimi niliona ni kumshushia mtu hadhi ndani ya nyumba yake.

Leo dada yangu kaja kunitembelea. Nikaomba glasi.

"Dada yako si mgeni," mama mkwe akasema. "Anakuja kila wiki."

"Basi mgeni ni nani, mama?"

"Mgeni ni mtu ambaye ataondoka na hujui atarudi lini."

Moyoni nilisema huyu mama ni bahili, tena bahili wa glasi, ubahili usio na faida yoyote.

Jumanne, 12 Machi

Leo sina kitu cha kusema, lakini fundi wa kuosha anacho, kama kawaida yake. Huyu tunamwita Povu kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiye mwenye mapipa ya povu yanayookota unga laini wa makaa ndani ya maji. Ya pili, akianza kulalamika hakatiki. Leo kalalamikia mvua, mkanda unaobeba makaa, mke wa kaka yake, na mawe.

Mawe ana haki. Makaa yakitoka chini yanakuja na mawe, na mawe yakipikwa hubaki majivu tu. Kwa hiyo Povu anayatumbukiza yote kwenye maji aliyoyafanya mazito kwa unga wa chuma. Makaa yanaelea, mawe yanazama. Anapenda kusimama pale juu na kuyaangalia. "Laiti watu wangeoshwa hivi," huwa anasema, "ningejua nani nimpe salamu."

Alhamisi, 21 Machi

Nimeoka mkate wa nane.

Ngoja niseme taratibu. Makaa yetu ya kila siku hutoa sita siku njema, na tano siku mbaya. Watu wa chuma wanataka saba. Leo kikosi cha mume wangu kimefika mahali tabaka la makaa linapoteremka upande wa chini, na makaa ya hapo yanang'aa kama viatu vya harusi. Sampuli ilipofika kwangu niliisaga, nikaichoma, nikafunua. Mkate umejaa kikombe, umepanda hadi kugusa kifuniko. Nikadhani nimekosea kipimo. Nikarudia, nane. Nikamwita Povu aje ashuhudie, na Povu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema.

Garini nilimwonyesha mume wangu ule mkate. Aliushika kwa vidole viwili akauangalia safari nzima. Nimefurahi leo, na ningependa iandikwe hivyo.

Ijumaa, 22 Machi

Mkutano bandani. Keshokutwa kasema makaa haya yasiende sokoni na mengine. Yaoshwe, yatengwe, yawangoje wageni. Sote tukaona ni busara. Povu akasema akiba haiozi. Mimi nikachagua mahali, nyuma ya karakana, pasipopita malori. Mtu akaleta turubai jeupe jipya kabisa. Lilipofunikwa, Povu akarudi nyuma hatua chache, akalitazama, akasema, "Bibi harusi huyo. Bwana akija, tunamfunua."

Jina limeshika kabla hatujafika mlangoni.

Jumatano, 27 Machi

Bibi Harusi ananenepa. Kikosi cha mume wangu kinamwongezea kila zamu. Vijiwe vinavyoponyoka kwenye kuosha watu wanavichambua kwa mikono. Mafundi wa karakana wanafagia kumzunguka, watu ambao karakana yao wenyewe haijafagiwa tangu ijengwe.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Wageni wanakuja wiki ijayo.

Jumatatu, 8 Aprili

Wageni hawakuja. Daraja limekatika. Keshokutwa kasema keshokutwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Upande wa chini, kule kwenye mkate wa nane, umejaa maji. Pampu moja imezidiwa. Kikosi kimehamishiwa upande wa juu, kwenye makaa yetu ya sita na tano. Hakuna aliyehuzunika. "Tuna Bibi Harusi," wanasema, kama mtu mwenye nyumba mjini.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Nyumba nzima inanuka soksi. Mama mkwe kasema kama soksi zingekuwa mtu angezifukuza.

Jumatano, 17 Aprili

Asubuhi palikuwa na baridi, na tulipopita nyuma ya karakana tukaona mvuke mwembamba ukitoka chini ya turubai. "Bibi Harusi anapumua," akasema Povu. "Anamwota bwana." Tumecheka hadi mlango wa maabara. Maji ya mvua yanakauka tu, nadhani.

Jumatano, 24 Aprili

Muujiza. Mume wangu kapanda gari akiwa na soksi kavu. Kavu kabisa, zina joto, zina harufu kidogo kama ya mafuta ya taa. Nilipomwuliza akatabasamu tu. Nikamwambia mwanamume mwenye soksi kavu msimu huu ana mke wa pili mahali fulani.

"Ninaye," akasema. "Anaitwa Bibi Harusi."

Kumbe kikosi kizima wanaanika soksi chini ya turubai. Wanaziacha zamu ikianza, wakipanda juu zimekauka. Mafundi nao wameleta glavu zao. Nimesema Mungu awabariki, nyumba yangu sasa inanuka kama nyumba.

Jumanne, 30 Aprili

Wageni hawakuja. Mkubwa wao anaumwa. Soksi kavu.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua usiku na mchana. Nimepeleka soksi za binti yetu pia.

Jumatatu, 13 Mei

Sasa ni kweli. Daraja limetengenezwa, mkubwa wao kapona, barua imekuja na tarehe ndani. Ijumaa ya wiki ijayo. Keshokutwa kasoma barua kwa sauti, nasi tukapiga makofi. Nikaenda nyumbani nimeinua kichwa.

Jumanne, 14 Mei

Mchana nilikwenda mwenyewe kuchukua soksi za binti yetu. Siku zote mume wangu ndiye aliyekuwa akinichukulia, kwa hiyo mimi sikuwahi kuingiza mkono pale. Nimeinua turubai nikaona soksi zimepangwa mstari mzima, za rangi zote, nikacheka peke yangu. Zile ndogo zilikuwa zimeteleza ndani kidogo kati ya makaa. Nikazamisha mkono nizitoe, na mara nikauchomoa. Palikuwa pa moto. Si joto la jua, jua lenyewe hatujaliona wiki nzima. Lilikuwa joto la kutoka tumboni mwa lundo.

Nikasimama pale nimeshika soksi. Nikajiuliza swali ambalo mtoto angejiuliza siku ya kwanza: joto hili linatoka wapi?

Makaa yanapata joto yakila hewa. Hilo nalijua, nilifundishwa. Yakila hewa polepole yanajichoma polepole, bila mwali, na kila siku yanapoteza kidogo ile nguvu ya kuvimba. Ndiyo maana mimi huchukua sampuli kwenye mkanda ikiwa mbichi. Sijawahi hata siku moja kupima makaa yaliyolala, kwa sababu hapa hayalali, yanaoshwa leo na yanaondoka kesho. Haya tuliyalaza sisi, kwa heshima. Tumeyapa hewa na unyevu na muda, halafu tukayashukuru kwa kutukaushia soksi.

Nikachota katikati, nikachota pembeni, nikachota juu. Nikafunga mlango wa maabara. Nikasaga, nikachoma, nikafunua. Mkate wa tatu. Mdogo, umekunjamana, umekaa chini ya kikombe kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Nikarudia kwa sampuli ya pembeni, nne. Nikarudia ya juu, tatu. Nikakaa kwenye kiti nikalia, na sioni haya kuandika hivyo.

Baada ya hapo nikaosha uso, nikaiweka mikate mitatu juu ya kipande cha karatasi, nikaipeleka kwa meneja. Povu alikuwa ofisini analalamikia kitu. Aliiona, akaja kuinamia ile karatasi.

"Hii ni ya wapi?" meneja akauliza.

"Ya Bibi Harusi."

Akaigeuza mmoja mmoja kwa kidole. Kisha akasema kwa upole, "Tumejipalia makaa wenyewe." Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 15 Mei

Mkutano bandani, mwingine. Nimeeleza kila kitu, hadi soksi. Mtu mmoja nyuma akasema basi tulifunike vizuri tuwape hivyo hivyo, wataona wapi. Keshokutwa akajibu kwamba wataona kwenye tanuri lao, na wakishaona hawatatuamini hata kwa salamu. Nilidhani yeye ndiye angekuwa wa kwanza kutaka kuficha.

Upande wa juu haufiki saba hata tuuombe. Imebaki njia moja, kutoa maji upande wa chini, kuchimba makaa mabichi, kuyaosha, na kuyafikisha mkononi mwa mgeni siku hiyo hiyo. "Pampu ya pili ije lini?" akauliza mume wangu. Wote tukamtazama meneja, tukingoja lile neno. Akasema, "Leo," akatoka kwenda kuifuata yeye mwenyewe kwa lori.

Lundo limetandazwa lipoe lisije likashika moto. Soksi zimerudishwa kwa wenyewe.

Jioni mume wangu alimweleza mama yake yote. Chakula kilipoiva, alichukua ufunguo, akafungua kabati, akatoa glasi moja yenye ukingo wa dhahabu, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akamimina maji, akaiweka mbele ya mwanawe.

Binti yetu akafurahi. "Leo baba kapewa glasi."

Mume wangu aliitazama ile glasi na hakuigusa. Nami nikaelewa kile nilichopaswa kuelewa zamani. Kile kikombe kilichokatika mkono hakikuwa dharau. Nilikwenda jikoni nikajitia nakatakata kitunguu, na kitunguu hakikuwepo.

Ijumaa, 17 Mei

Pampu mbili. Maji yanashuka. Mvua nayo inajibu.

Jumapili, 19 Mei

Hakuna aliyepumzika. Povu anasafisha mapipa yake bila kunung'unika, na inatutia wasiwasi.

Jumanne, 21 Mei

Leo wameingia upande wa chini. Asubuhi maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Saa sita mvua ikaja kama mtu anamwaga ndoo, umeme ukakatika, na pampu zote mbili zikanyamaza. King'ora kikalia. Nilikuwa na sampuli mkononi, nikaiacha mezani, nikakimbia hadi mdomo wa mgodi.

Kikosi cha juu kikatoka chote. Kikosi cha mume wangu bado. Sikuwa na mwavuli. Mtu akaja akasimama kando yangu, naye hana mwavuli, shati limemganda mwilini. Ni Keshokutwa. Akaniambia, "Njia yao ya kutokea inapanda. Maji yatawafuata nyuma, hayatawatangulia." Kisha akavua viatu, akaenda kumsaidia Povu na ile pampu kuukuu ya dizeli iliyokuwa imetupwa karakana tangu mgodi uanze. Niliwaona wanaivuta kamba kwa zamu, meneja na mwosha makaa, wote weusi hadi masikioni, na Povu anaitukana pampu matusi ambayo sitayaandika kwa sababu ya wajukuu. Ikakohoa, ikazima, ikakohoa, ikashika.

Niliogopa. Sikufikiria mkate wala kiwanda cha chuma. Nilifikiria kwamba anapenda kulala upande wa ukutani, na jana tuligombania shuka.

Ndipo taa za vichwani zikaonekana, moja baada ya nyingine, zinapanda polepole. Wote. Wamelowa hadi kifuani. Mume wangu alikuwa wa mwisho, ameshika bakuli lake la chakula juu ya kichwa kama anabeba mtoto. Nilimsogelea nikitaka kumkumbatia, akanisukumia bakuli.

"Chukua, lisilowe."

Nikafunua. Makaa, yanang'aa.

"Nimekuletea unga," akasema. Meno yalikuwa yakimgongana kwa baridi. "Kaoke."

Nilimgombeza mbele ya watu wote kuanzia pale hadi maabara, huku nimemshika mkono. Mkate wa nane.

Jumatano, 22 Mei

Umeme umerudi. Mvua imepungua. Wamesema maji yakifika magotini wanatoka, na meneja amekaa mdomoni mwa mgodi kuhakikisha.

Alhamisi, 23 Mei

Wanachimba.

Ijumaa, 24 Mei

Mgeni mwenyewe, yule mkubwa wao, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabuti yenye matope kuliko yetu. Kashuka garini, kasalimia, kakataa chai, kauliza mkanda uko wapi. Keshokutwa alikuwa ameandaa hotuba. Hakupata hata nafasi ya kukohoa.

Tulimpeleka kwa Povu. Makaa yalikuwa yanatoka chini yakipanda moja kwa moja kwenye kuosha. Alisimama pale juu akayaangalia yanavyoelea, kama Povu anavyofanya, na Povu akamwambia lile neno lake la watu kuoshwa. Akacheka. Halafu akatazama nje dirishani.

"Na yale yaliyotandazwa nyuma ya karakana?"

Keshokutwa akaangalia viatu vyake. Mimi ndiye mpimaji, nikaona hilo ni langu.

"Yale yalikuwa bora kuliko yote," nikasema. "Tulikuwekea akiba wewe. Tukayafunika turubai, yakalala miezi miwili, yakala hewa. Sasa ni mkate wa tatu. Na tulijua kwa sababu tulikuwa tunaanika soksi humo."

Alinitazama hadi nikajua tumekwisha. Ndipo akaanza kucheka, akashika ukingo wa ngazi asianguke.

"Kila mgodi ninaokwenda una lundo langu," akasema. "Mimi sili chakula cha wageni. Nipeni mnachokula wenyewe." Akachukua koleo, akachota kwenye mkanda kwa mkono wake, akanifuata maabara. Nikaoka mbele yake. Nane. Nikaoka ya upande wa juu pia, maana ndiyo tunayokula siku nyingi. Sita. Akaniambia wakiyachanganya hayo mawili huenda yakafika saba, lakini tanuri ndilo litakalosema. Wamejaza malori hapo hapo, na jioni yameondoka yakiwa bado yana maji ya Povu.

Jumatatu, 3 Juni

Jua. Soksi zimekauka kwenye kamba kama soksi za watu. Hakuna habari.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuna habari. Nyumbani glasi ile bado inatolewa kila jioni. Mume wangu anakunywa maji kwa mkono bombani kabla ya kula, ili asiiguse.

Jumanne, 11 Juni

Kiwanda cha matofali kimenunua lundo. Kwao ni kuwaka tu, hawaulizi kuvimba. Povu amesema Bibi Harusi amepata bwana mwenye moyo mwepesi, na amelia machozi mawili ya uongo.

Ijumaa, 14 Juni

Keshokutwa kaja maabara anakimbia. Sijawahi kumwona mtu huyu anakimbia. Alikuwa ameshika kitu ndani ya gazeti, kimeletwa na dereva wa kiwanda cha chuma. Akakiweka mezani kwangu.

Kipande cha koki. Cha kijivu, kinang'aa kidogo, kina matundu, chepesi kuliko kinavyoonekana. Nikakigonga kwa nyundo yangu kikalia kama kengele. Nikakigonga tena kwa nguvu, hakikupasuka.

"Wamesemaje?"

"Wanaanza kununua mwezi ujao," akasema. "Si keshokutwa."

Nilikwenda kukaa nje juani hadi zamu ilipotoka. Mume wangu alipanda juu, akaniona, akasimama mbali. Nikainua kile kipande. Akaja akakichukua, akakipima mkononi.

"Hiki ndicho kinabeba chuma?"

"Hicho."

"Basi nitalala," akasema, na kweli alilala garini njia nzima, kichwa begani kwangu, anakoroma. Sikumwamsha.

Jumamosi, 15 Juni

Watu walikuja nyumbani jioni bila kualikwa. Povu kaja na mke wake, ambaye hasemi kabisa, na sasa najua kwa nini. Keshokutwa kaja na viti, maana alijua havitatosha. Dada yangu kaja kama kila wiki.

Mama mkwe akafungua kabati. Akatoa glasi zote sita, akazipanga kwenye sinia, akazijaza juisi. Akampa Keshokutwa, Povu na mke wake, na baada ya kufikiri kidogo akampa dada yangu. Akanipa mimi. Nikashangaa, akaniambia, "Umefanya kazi. Leo tu." Ya sita akampa mjukuu wake, ashike kwa mikono miwili.

Sinia likawa tupu. Mume wangu amekaa pale, mikono juu ya magoti, hana kitu. Wageni wakaanza kuona aibu. Povu akataka kumpa yake.

Mama akaenda jikoni. Akarudi na kile kikombe cha plastiki kilichokatika mkono, kimejaa hadi kumwagika, akakiweka mbele ya mwanawe.

"Mgeni siku mbili," akasema.

"Ya tatu mpe jembe," wakaitikia wote.

Mume wangu alikunywa chote bila kupumua. Halafu akamnyooshea mama yake kikombe amwongeze.